Gololi Ikienda Kulia

Ndege ilikuwa inakwenda kushoto. Kila siku, kwa kila rubani, kushoto. Uongeze resi taratibu au uisukume yote kwa mkupuo, uikamate fimbo kwa mikono miwili au uishike kwa vidole kama yai, ikifika katikati ya uwanja pua inageuka kushoto, ndege inaingia majanini, bawa linachimba ardhi na kioo cha kompyuta kinajaa moshi mweusi. Hapo chumba cha Zaidi, mwenye duka, kinalipuka kwa kicheko, na mwingine anavuta kiti.

Khairat aliyaona yote hayo kutoka barazani. Cherehani yake ilikaa chini ya dirisha la Zaidi, na kompyuta ya ndege ilikaa upande wa ndani wa dirisha hilohilo, kwa hiyo akiinua macho kutoka kwenye sindano alikuwa anatazama uwanja wa ndege. Hakuinua macho sana watu wakiwapo. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa ambaye mteja akimuuliza bei alimtazama mama yake mdogo, Arafa, amjibie. Lakini watu walipokuwa wametazama moshi, hakuna aliyemtazama yeye, na hapo alikula kwa macho mpaka akashiba.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa, na mtaa wote wa Majengo, Dodoma, ulikuwa umejaa vitu vilivyoshuka kutoka kwenye makontena. Asubuhi ungeweza kununua koti la Mjerumani na jioni redio ya Mjapani. Arafa na Khairat walikula kwa mitumba: watu walinunua suruali za majitu ya Ulaya, wao wakazipunguza kiuno na kukata miguu. Zaidi naye alirudi kutoka Dubai na kompyuta nne zilizokwishatumika. Tatu zilipiga chapa barua za maofisa na za wabunge na kufundishia wanafunzi. Ya nne alikuta ndani yake mchezo wa ndege za kivita za zamani, zile za pangaboi moja puani na gurudumu dogo mkiani, akaiweka dirishani ivute watu.

Ilivuta watu, lakini baada ya wiki mbili za kushoto na moshi, watu wakaanza kuchoka. Wengine walisema mchezo mbovu. Muuza mchele wa ng'ambo ya barabara alisema kuna kitu kimewekwa ndani, na hakumaanisha waya. Ndipo Zaidi, aliyejua biashara, akabandika karatasi mlangoni.

Khairat aliisoma akijifanya anafagia baraza. Alisoma polepole, kama alivyosoma kila kitu, midomo ikitembea kidogo. "Atakayeirusha ndege, akazunguka nayo na kuitua salama Jumamosi ijayo, atafundishwa kompyuta miezi mitatu bure. Kila mtu majaribio matatu."

Akairudia. Akafagia pale palipokuwa pamekwishafagiwa, akairudia tena. Pembeni yake ilikuwapo karatasi ya zamani, iliyochanika pembe, ambayo aliijua kwa moyo: "Mafunzo ya kompyuta. Sifa: awe amemaliza kidato cha nne." Karatasi mpya haikusema kidato. Haikusema darasa lolote.

Khairat aliishia darasa la tano. Mama yake alilazwa hospitali ya Mvumi miezi saba, na wadogo zake watatu hawakuwa na mtu mwingine wa kuwapikia. Mama alipopona, wenzake walikuwa wamefika la sita, na aliona haya kurudi akakae na watoto waliomfikia kifuani. Siku zikapita, haya ikageuka mazoea. Mwandiko wake ulibaki wa darasa la tano, herufi kubwa zinazoegemeana kama walevi, na tangu hapo alikwepa kuandika mbele za watu. Lakini barua zilizotoka kwenye mashine za Zaidi hazikumwonyesha aliyeziandika. Ofisa na mchuuzi wote walitoka na herufi zilezile, zimesimama wima, safi. Hilo ndilo alilolitaka, kuliko alivyowahi kutaka kitu: akae pale, abonyeze, na kitokee kitu ambacho hakuna wa kukicheka.

"Umeona hilo tangazo?" Arafa alimuuliza akitia uzi.

"Lipi?"

"Hilo ulilolifagilia asubuhi nzima."

Khairat akainama kwenye suruali yake.

* * *

Jumatatu alikuja Fabian, fundi wa ndege ndogo za kule uwanjani, kuchapisha barua ya likizo. Alikuwa mtu mzima wa maneno machache, kucha zake zikiwa na weusi wa oili usiotoka kwa sabuni. Alisimama nyuma ya kiti cha Abdulnasiri akamwangalia akianguka mara tatu mfululizo.

Abdulnasiri alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliopita na hakumruhusu mtu asahau. "Mzee, hii ndege mbovu," alisema. "Au Mzungu aliyeitengeneza alikuwa na chuki na watu wa kulia."

"Ndege nzima," alisema Fabian. "Nyinyi ndio nusu. Miguu mmeiacha nyumbani?"

Watu wakacheka. Fabian hakucheka.

"Injini hii ni kubwa kuliko ndege yenyewe. Pangaboi likishika kasi, linaivuta pua kushoto. Siku zote. Mkono hauwezi kuzuia hilo, kazi ya mkono ni mabawa. Kuna usukani mwingine kule mkiani, na ule unaendeshwa kwa miguu. Ukikanyaga kulia, mkia unairudisha pua kulia."

"Sasa tukanyage wapi, sakafuni?" Abdulnasiri aliuliza.

Zaidi aligeuka ghafla. Alitazama mlango. Mlango ulikuwa wazi, kama ulivyokuwa tangu afungue duka, na kilichouzuia usijifunge kwa upepo wa Julai kilikuwa dude zito jeusi lenye vibao viwili na waya uliozungushwa. "Lilikuja kwenye katoni moja na fimbo," alisema taratibu. "Nilidhani ni la kufanyia mazoezi ya mwili."

Hapo hata Fabian alitabasamu. Dude lilitolewa mlangoni, likapigwa vumbi, likachomekwa, na badala yake likawekwa jiwe.

Khairat alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Alitaka asikie kila neno.

Fabian aligusa kioo kwa kidole, pale chini, palipokuwa na kijimrija kilichopinda na kitu cheusi cha mviringo ndani yake. "Mnaiona gololi hii? Hii haidanganyi. Gololi ikiwa katikati, ndege inakwenda sawa. Gololi ikienda kulia, kanyaga kulia. Ikienda kushoto, kanyaga kushoto. Basi. Usikanyage kwa hasira, egemea tu."

"Na mguu ukichoka?" aliuliza Zaidi.

"Ndiyo, unachoka. Ndiyo maana kuna kusawazisha." Akaonyesha vitufe viwili vya kibodi. "Ukibonyeza hivi, kule mkiani kuna kipande kidogo kinapinda, kinaishikilia ndege badala ya mguu wako. Bonyeza kidogo, sikiliza, bonyeza tena. Ikisawazika, unaweza kuachia vyote na ikaenda yenyewe. Rubani anayepigana na ndege yake hajaisawazisha."

Akachukua barua yake akaenda.

Nje, dirishani, moyo wa Khairat ulikuwa unadunda kama wa mtu aliyepandishwa cheo. Si kwamba alikuwa amejifunza jambo geni. Alikuwa amesikia jambo lake mwenyewe likisemwa na mtu mwingine. Alitazama kikaza uzi cha cherehani, ile skrubu ndogo. Uzi ukikazwa visivyo, kitambaa kinakimbilia upande, na fundi mjinga anakivuta kwa mkono mpaka sindano inavunjika. Fundi anayejua anaigusa skrubu, robo tu, anajaribu, robo tena, na kitambaa kinakwenda chenyewe. Mikono ni ya kuelekeza. Kuvuta ni ujinga. Alilijua hilo tangu ana miaka kumi na tatu.

Mchana ule, vijana wakipokezana kwenye kiti, miguu ya Khairat ilikuwa kwenye kibao cha cherehani ikifanya nao kazi. Gololi kulia, mguu wa kulia. Gololi kushoto, mguu wa kushoto. Mpaka Arafa alipoinua suruali iliyotoka mikononi mwake akaitazama juani.

"Khairat. Mguu huu wa mwanamume, na huu wa nani? Wa mlevi?"

Upindo ulikuwa umepinda kama njia ya ng'ombe. Khairat akauchukua akaufumua, lakini alikuwa anacheka ndani kwa ndani.

* * *

Vumbi la Dodoma ndilo lililomwingiza ndani. Zaidi aliona linazila kompyuta zake, akamwomba Arafa amshonee vifuniko vya kitambaa, na Arafa, pasipo hata kupepesa, akasema mwenye kupima vizuri ni Khairat, tena lazima apime mchana, watu wakiwa wameondoka, asisumbuliwe.

Kwa hiyo kuanzia Jumanne, kila adhuhuri, Zaidi alipokwenda kuswali na kula na vijana wakatawanyika, Khairat aliingia na futi yake. Siku ya kwanza alipima kompyuta tatu na alipofika ya nne alisimama. Zaidi alikuwa bado anafunga droo.

"Unaweza kukaa," alisema, bila kumtazama, kama mtu anayemwachia paka mlango. "Nitakuwekea iwe tayari hewani. Hewani huwezi kuvunja kitu."

Alipotoka, Khairat alikaa. Akavua kandambili. Akaweka miguu kwenye vibao viwili na mkono kwenye fimbo, na dunia ikawa chini yake.

Ilikuwa nchi asiyoijua, mashamba ya kijani yaliyokatwakatwa mistari, lakini yeye aliona mashamba ya zabibu ya Makutupora, vile yanavyoonekana ukiwa juu ya lori. Injini ilinguruma kwenye spika. Aliegemeza fimbo kidogo na upeo wote wa macho ukalala ubavu. Akashtuka, akairudisha, ukainuka. Akairudia tena makusudi. Gololi ikakimbia, akaifuata kwa mguu, ikarudi. Akaivuta pua juu, ndege ikaanza kupoteza mwendo na kwenda kushoto, gololi ikaenda kulia. Akaegemea kulia, akabonyeza kitufe, robo, akasikiliza, robo, na ule uzito chini ya wayo ukayeyuka. Akaachia mkono. Akaachia miguu. Ndege ikaendelea kupanda yenyewe, imetulia, gololi katikati kama jicho linalomtazama.

Khairat alijikuta ameziba mdomo kwa ushungi. Alikuwa anacheka kwa sauti peke yake katika chumba kitupu.

Siku nne alipima vifuniko. Arafa hakuuliza kwa nini kompyuta nne zinahitaji siku nne. Lakini saa zote za Khairat zilikuwa za hewani. Kurusha kutoka ardhini hakujaribu, kutua hakujaribu, kwa sababu watu walianza kurudi kabla hajaweza. Wakati huohuo vijana nao walikuwa wamepata miguu. Ijumaa jioni Abdulnasiri aliirusha ndege kwa mara ya kwanza, ikainuka kutoka uwanjani huku mkia ukiyumba, na kelele zake zilisikika mpaka sokoni. Alipojaribu kuitua aliivunja, lakini alikuwa ameshaanza kuwaambia watu atakaa kiti kipi kwenye darasa.

* * *

Jumamosi saa nne asubuhi baraza ilijaa. Fabian alikuja akiwa amevaa shati la pasi, kwa kuwa Zaidi alimwomba awe mwamuzi. Waliotaka kujaribu waliandika majina kwenye daftari mezani. Walikuwa kumi na moja, wote wanaume.

Khairat alikuwa kwenye cherehani yake akishona suruali isiyokuwa na haraka.

"Hiyo suruali ya Mzee Bartolomayo," alisema Arafa, "anaitaka mwezi ujao."

"Namalizia tu, mamdogo."

"Mimi nimeshona vifuniko vinne usiku peke yangu ili wewe upime mchana. Unadhani ni kwa ajili ya vumbi?"

Khairat alinyanyuka. Kutoka barazani mpaka mezani palikuwa na hatua sita, na alizipiga zote akitazama sakafu. Watu walimpisha wakidhani ameleta kitu. Alichukua kalamu.

"Umetumwa na nani uandikishe?" aliuliza Abdulnasiri.

Aliandika jina lake mbele ya watu wote, herufi kubwa moja moja, zikiegemeana, mpaka T ya mwisho.

Abdulnasiri alilisoma kichwa chini. "Dada, darasa ni la waliomaliza."

"Soma tangazo langu uone kama limesema hivyo," alisema Zaidi.

Abdulnasiri hakulisoma. Alijua halisemi.

Wakaanza. Tisa wa kwanza walikwenda majanini au wakaangukia miti. Mmoja alifika hewani akapotea, hakuuona uwanja tena mpaka mafuta yakamwishia. Abdulnasiri alikuwa wa kumi na moja. Jaribio la kwanza aliharibu, la pili akaharibu, na la tatu, haikukanushika, alifanya vizuri. Aliinuka, akazunguka, akateremka, magurudumu yakagusa uwanja kwa mlio mzuri na ndege ikaanza kukimbia ardhini. Baraza nzima ikapiga kelele. Abdulnasiri akainuka kitini na ngumi hewani, miguu yote miwili ikiwa imetoka kwenye vibao.

Ndege haikuwa imesimama. Ilikuwa bado na kasi ya pikipiki. Mkia ukateleza kidogo, halafu sana, ndege ikazunguka kama jogoo aliyekatwa kichwa, bawa likachimba, moshi.

"Nilikuwa nimeshatua!" Abdulnasiri alimgeukia Fabian. "Mzee, umeona, magurudumu yamegusa."

"Nimeona. Sasa inawaka moto. Wewe ungeshuka salama hapo?"

Khairat, ukutani, alikuwa ameona kitu kingine. Aliona miguu ikiinuka. Ndiyo kosa la kwanza la kila anayejifunza cherehani: anafika mwisho wa mshono, anafurahi, anainua miguu, kibao kinajirudia chenyewe, gurudumu linazunguka kinyume na uzi unakatika. Yeye alipigwa rula na Arafa kwa kosa hilo mpaka likatoka mwilini. Mshono haujaisha mpaka gurudumu limesimama.

"Khairat," Zaidi aliita.

Alikaa. Akavua kandambili, na mtu nyuma akacheka. Macho ya watu wote yalikuwa mgongoni mwake na aliyahisi kama jua. Akasukuma resi. Injini ikanguruma, ndege ikaanza kukimbia, na miguu yake, kwa hofu, ikakimbilia kazi iliyoijua kuliko zote: ikaanza kushona. Kulia kushoto kulia kushoto, haraka haraka, kama upindo mrefu. Ndege ikatikisa mkia kama mbwa aliyemwona bwana wake, ikaingia majanini ikitikisa.

Kicheko kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya asubuhi ile.

"Anatuharakishia suruali," alisema Abdulnasiri. "Dada, hiyo ina bobini ya uzi?"

Khairat alitaka kuinuka. Alitaka ardhi ya kwenye kioo impokee. Ndipo akasikia sauti ya Arafa kutoka dirishani, si kubwa, ile ya kazini: "Khairat. Kona."

Akaelewa. Unapofika kwenye kona ya mfuko, hushoni. Unasimamisha sindano ndani ya kitambaa, miguu inabaki kwenye kibao, inaegemea tu kiasi cha kulizuia gurudumu lisirudi, na unageuza kitambaa. Miguu haifanyi kitu, lakini ikitoka, kila kitu kinaharibika. Hiyo ndiyo miguu iliyotakiwa hapa. Miguu ya kwenye kona.

Jaribio la pili. Kabla hajaanza alibonyeza kitufe cha kusawazisha, kulia, mara tano. Abdulnasiri akamuuliza jirani yake, "Anafanya nini?" na jirani hakujua. Resi polepole. Pua ikataka kushoto. Akaegemea kulia, akashikilia. Ikataka tena, akaegemea zaidi. Mkia ukainuka. Gololi ikatetemeka na kukaa. Uwanja ukaanza kukimbia chini yake, haraka, haraka zaidi, kisha haukuwa chini yake tena.

Watu wa barazani walisogea karibu na kioo. Hawakuwa wameona ndege ikiondoka hivyo, bila kuyumba, kama kitambaa kinavyotoka nyuma ya sindano.

Alizunguka. Mashamba ya kijani yakapita chini ya bawa, akasawazisha, akaachia mkono makusudi sekunde mbili, na akamsikia Fabian nyuma yake akivuta pumzi kwa pua. Lakini alipopunguza resi ateremke, hakukumbuka kwamba pangaboi likilegea halivuti tena kushoto. Kusawazisha kwake kwa kulia kulikuwa bado kuleule, na mguu wake wa kulia ulikuwa bado umeegemea. Pua ikateleza kulia, gololi ikakimbia kushoto mpaka ukutani, na yeye akiitazama pua badala ya gololi, ndege ikashuka ubavu ubavu shambani. Moshi.

Safari hii hawakucheka. Wengine walisema "Aah," kama mtu aliyemwangushia mwenzake chai.

"Gololi ilikwambia," alisema Fabian.

"Ndiyo, mzee," alisema Khairat. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu akae kitini, na hakulisikia hata yeye, kwa sababu mkono wake ulikuwa tayari unaanza la tatu.

Akaondoka vilevile, safi. Akapanda, akazunguka, akaupata uwanja mbele yake, mstari mwembamba wa kijivu. Hapo, kabla ya kugusa resi, alibonyeza vitufe kwa upande wa pili: robo, robo, robo, akiulegeza ule mkazo. Akapunguza resi kidogo. Gololi ikaenda kushoto kidogo. Akaegemea kushoto, ikarudi. Akapunguza tena. Uwanja ukapanuka. Mikono yake ilikuwa inaelekeza tu. Hakuivuta ndege. Ilikuwa inakuja yenyewe.

Magurudumu yakagusa. Yakaruka kidogo, yakagusa tena.

Baraza ikalipuka. Watu walimpiga mabega, muuza mchele alikuwa amepanda juu ya jiwe la mlango, mtu alitaja jina lake kwa nguvu. Khairat hakugeuka. Mkia ulikuwa unashuka, gurudumu dogo likagusa, na ndege ikataka kwenda kushoto. Mguu wa kulia. Ikataka kulia. Wa kushoto, kidogo. "Umeshatua, dada," mtu alimwambia sikioni, "umeshatua," na yeye akaendelea kuegemea, kidogo huku, kidogo kule, kasi ikipungua, ya pikipiki, ya baiskeli, ya mtu anayetembea. Ndege ikasimama. Pangaboi likapiga mizunguko mitatu ya mwisho, likakaa.

Ndipo alipoinua miguu.

"Hiyo," alisema Fabian, akiwatazama watu wote, "ndiyo kutua."

Abdulnasiri alisimama ameweka mikono kiunoni. Alitazama kioo, akatazama miguu mitupu ya Khairat, akatikisa kichwa. "Kumi na moja tumeshindwa," alisema, "na fundi cherehani ametua. Nitasema nini nyumbani?"

"Sema umefundishwa," alisema Arafa dirishani.

Zaidi alikuwa ametoa fomu ya darasa, ileile anayojaza kila mwanafunzi. Aliandika jina, akinakili kutoka kwenye daftari. Halafu kalamu yake ikasimama. "Elimu?" aliuliza, na ikaonekana mara moja kwamba alitamani angeuliza baadaye, watu wakiondoka.

Chumba kilikuwa kimejaa. Khairat alitazama pembeni, akazipata kandambili zake kwa vidole vya miguu, akazivaa moja moja. Halafu akainua uso.

"Darasa la tano," alisema. "Sikumaliza."

Alisema kwa sauti ya kusikika. Hakuna aliyecheka. Zaidi aliandika kama alivyosema, kwa mwandiko wake mzuri, na chini yake akaandika: Jumatatu, saa tatu.

* * *

Jumatatu jioni, akitoka darasani na karatasi mkononi yenye jina lake limesimama wima, alimkuta Abdulnasiri amekaa kwenye cherehani yake. Amevua viatu. Uzi ulikuwa umekatika, na kwa sura ya Arafa haikuwa mara ya kwanza.

"Amekuja kujifunza miguu," alisema Arafa. "Saa nzima. Amenimalizia bobini."

Abdulnasiri alikohoa. "Jumamosi Zaidi anaweka mashindano mengine. Nimesema nipitie tu, kama hutajali. Dada Khairat."

Khairat alikunja karatasi yake mara mbili, akaitia kifuani. Akainama, akatia uzi, akashusha sindano kwenye kipande cha kaniki.

"Haya, kanyaga," alisema.

Abdulnasiri alikanyaga, akafika mwisho wa mshono, akatabasamu, akainua miguu. Uzi ukakatika.

"Umeona ulipokosea?" aliuliza Khairat.

"Hapana."

"Basi tuanze tena."